Kuosha Gari la Mbio: Maji Kwanza, Mkono Mwisho



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya kazi yangu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, na sasa nakaa Kigali, Rwanda, nikitunza magari ya mbio. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuyaosha. Najua wengine watacheka na kusema, "Je, kuosha gari nako kwahitaji somo? Si ndoo, sabuni na kitambaa tu?" Basi someni mpaka mwisho, kisha mtajibu wenyewe. Ndani ya kazi hii mna sayansi, mna hesabu, na mna jambo la kuokoa maisha ya mtu.

1. Uchafu wa Kigali

Kigali ni mji wa vilima, umeinuka kadiri ya mita 1,500 juu ya bahari. Wageni huusifu kwa usafi wake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wenyeji hutoka kufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda: hufagia, huzibua mitaro, hupanda miti. Mtu aweza kudhani kwamba katika mji kama huo gari halichafuki. Lakini toka katika lami uingie njia ya udongo, utaona. Wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, vumbi jekundu hupenya kila tundu. Wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, vumbi lile lile huwa tope linatalo kama ugali.

Magari ya mbio ndiyo hupata taabu zaidi. Mashindano makubwa ya huku ni Mountain Gorilla Rally, ambayo kwa miaka mingi yamehesabiwa katika kushindania ubingwa wa Afrika. Mara nyingi njia zake zimepita Bugesera, kusini ya mji, penye udongo mkavu. Mchezo huu si mgeni katika nchi zetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, nayo ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliishinda kwa gari la Volvo, nduguye Jaswant akiwa msaidizi wake ndani ya gari. Katika picha nyingi za mashindano hayo magari yamevaa matope mpaka hayajulikani rangi. Watu huzipenda sana picha hizo. Lakini fundi akiona gari la namna ile, hujiuliza: chini ya tope lile mmefichwa nini?

2. Vumbi ni mawe

Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu wao, tangu namba 1 mpaka namba 10. Almasi, iliyo ngumu kuliko yote, ikapata 10. Kioo cha dirisha hufika kadiri ya tano na nusu. Na kwatsi, yaani zile chembe zing'aazo katika mchanga, hupata 7. Maana yake kwatsi huweza kukwaruza kioo, na kisu cha chuma cha kawaida hakiwezi kuikwaruza kwatsi.

Sasa tazameni vilima vya Kigali. Miamba ya vilima vile imejaa kwatsi. Wekundu wa udongo watokana na kutu ya chuma, lakini ndani ya wekundu ule mmechanganyika chembe za mawe magumu, nyingine ndogo hata hazionekani kwa macho. Basi vumbi lililo juu ya boneti si unga. Ni mawe madogo.

Na rangi ya gari je? Rangi yote iliyo juu ya bati, tangu ile ya msingi, kisha rangi yenyewe, mpaka vanishi ya juu iliyo kama kioo, unene wake ni kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi kidogo. Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako uushike kwa vidole: ndiyo kadiri yake. Vanishi peke yake, inayoleta ule mng'ao, aghalabu haifiki hata nusu ya unene huo. Ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Mtu akichukua kitambaa kikavu na kufuta vumbi, amefanya kitambaa kuwa msasa, naye anapiga msasa kitu chembamba kuliko unywele.

Nilipata kuona jambo hili kwa macho yangu. Katika gereji moja, ambayo sitaitaja, kijana mmoja mwenye bidii alipewa Subaru ya buluu iliyotoka Bugesera. Msimamizi wake alimpa kipande cha fulana kuukuu akamwambia afanye upesi, maana mwenye gari alikuwa akingoja. Kijana akafuta vumbi kavu, ndipo akatia maji. Jua lilipoipiga boneti, ikaonekana mistari myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Mwenye gari akadai boneti ipigwe rangi upya, na gharama ikakatwa katika ujira wa kijana yule kwa miezi mitatu. Hakuna aliyepata kumfundisha, na yule aliyempa fulana hakukatwa hata senti. Vijana wengi wa Kigali, na wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, huanza maisha kwa kuosha magari. Mwenye ujuzi huu hulinda mali ya watu, na hulinda ujira wake mwenyewe.

3. Vyombo vya kazi

Huhitaji vitu vya ghali. Tafuta hivi:

(a) Ndoo tatu: moja ya maji ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia, na moja ya magurudumu peke yake.

(b) Glavu mbili za kuoshea za sufu au za nyuzi laini, moja ya bodi na moja ya magurudumu. Sufu ina nyuzi ndefu, na chembe ya mchanga huzama ndani yake badala ya kukaa juu na kukwaruza. Sifongo bapa haina mahali pa kuificha chembe.

(c) Taulo laini za kukaushia, zisizo na pindo gumu wala kifungo.

(d) Brashi ya manyoya laini kwa mianya na ringi.

(e) Sabuni ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Imetiwa magadi ili iondoe mafuta katika nguo, nayo huondoa nta inayoilinda rangi na kukausha mipira ya milango. Sabuni ya vyombo pia huondoa nta, ingawa si kali kama ile.

Jihadhari na desturi moja iliyoenea sana katika miji yetu: kupaka tairi dizeli au mafuta ya taa ili ziwe nyeusi. Hung'aa kweli, kwa siku moja. Lakini mafuta ya namna hiyo huingia ndani ya mpira na kuulainisha, na tairi ya gari la mbio ndiyo inayoshika barabara penye kona.

4. Namna ya kuosha

Kwanza, ngoja. Gari lililofika sasa hivi lina breki za moto sana. Sahani ya breki iliyo moto ikimwagiwa maji ya baridi ghafula, yaweza kupindika. Weka mkono karibu na ringi bila kuigusa. Ukisikia joto, ngoja zaidi. Tena, liweke gari kivulini. Kigali ipo karibu na ikweta, na jua la mahali palipoinuka ni kali. Juu ya bati la moto maji hukauka kabla hujayafuta, yakaacha madoa meupe ya chokaa.

Pili, maji matupu. Lowesha gari zima, ukianzia juu kushuka chini. Usiliguse kwa mkono. Tope lililokauka uliache linywe maji kwa dakika chache, kisha lirushie tena. Ukiwa na mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, tumia mdomo unaotawanya maji kama kipepeo, uanze ukiwa mbali kadiri ya mita moja, na usikaribie chini ya sentimita 30. Mdomo unaotoa maji kama mshale huweza kubandua rangi penye ufa, kung'oa stika za wadhamini, na kuumiza ubavu wa tairi.

Tatu, magurudumu. Yaoshe kabla ya bodi, kwa ndoo yake na glavu yake. Ule weusi ulio juu ya ringi ni unga wa breki, na ndani yake mna chembe za chuma. Glavu iliyogusa ringi isiguse mlango kamwe. Dawa kali za tindikali husafisha upesi, lakini huweza kuila ringi ya alumini.

Nne, sabuni. Tia povu juu ya gari, uliache dakika chache, lakini lisikauke. Kisha chovya glavu katika sabuni, uanze juu ya paa. Vuta kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Uzito wa glavu yenyewe watosha. Ukimaliza sehemu moja, suuza glavu katika ndoo ya maji matupu, uikamue, ndipo urudi kwenye sabuni. Sehemu za chini za milango na bampa ziwe za mwisho, maana ndizo chafu kuliko zote. Glavu ikianguka chini, hata mara moja, usiitumie mpaka uisuuze sana, kwa sababu sakafu imejaa zile chembe tulizozisema.

Tano, suuza, kisha kausha. Mwaga maji taratibu bila mdomo wa bomba. Maji hushuka pamoja kama shuka na kuchukua matone mengi. Tandaza taulo juu ya bodi, uibonyeze kidogo, uiinue. Usisugue.

Sita, nta. Gari likiwa safi na kavu, paka nta kidogo sana. Nzuri mojawapo ni nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mtende wa Brazil. Nta hufanya maji yateleze, na uchafu wa safari ijayo hautashika sana.

Jambo moja zaidi juu ya rangi. Mwewe ni wengi hapa Kigali, na kinyesi cha ndege kina tindikali. Kikiachwa juani huila vanishi. Kiwekee kitambaa chenye maji dakika kumi, kisha ukiinue bila kusugua.

5. Mahali pa hatari

Gari la mbio halikuundwa kama gari la kwenda sokoni, na mwoshaji sharti ayajue maungo yake.

Injini: Magari mengi ya mashindano huvuta hewa kupitia kichujio kilicho wazi. Maji yakiingia humo yaweza kufika ndani ya injini. Zima injini, funika kichujio, betri na viungo vya nyaya, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu na brashi. Usielekeze bomba la nguvu. Vitabu vya kigeni huagiza kufunika kwa mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, basi sisi hutumia vipande vya turubai, navyo hufaa vizuri, na havitupwi.

Rejeta: Mapezi yake ni membamba mno. Maji ya nguvu yakiyapiga upande, hulala, na hewa haipiti. Tumia maji mepesi, moja kwa moja kutoka mbele. Usiache kuiosha, kwa kuwa tope lililoziba rejeta huchemsha injini.

Bawa la nyuma na boneti: Katika magari mengine sehemu hizi si bati, ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Usiegemee wala kuweka ndoo juu yake. Ukiona ufa, usiulenge kwa maji ya nguvu, maana maji huingia kati ya nyuzi na kuzitenganisha.

Rangi isiyong'aa: Magari mengine hupakwa rangi yenye kufifia makusudi. Usiyatie nta wala kuyang'arisha. Doa la mng'ao likishatokea halitoki kwa urahisi.

Tumbo la gari: Hapa ndipo wavivu hupita haraka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

6. Jicho la mwoshaji

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Mwoshaji ndiye mtu anayegusa kila sehemu ya gari. Dereva huliona usukani, fundi hulitazama palipoharibika; mwoshaji hupita kila mahali. Kwa hiyo kuosha ni kukagua.

Tope hufanya mabaya manne. Hushika unyevu, na bati likapata kutu. Hukaa upande mmoja ndani ya ringi, na gurudumu likazunguka bila uzani sawa, usukani ukatetemeka. Huziba rejeta na matundu ya kupoza breki. Na la nne, lililo baya kuliko yote, huficha ufa.

Siku moja nilikuwa nikiosha ndani ya madigadi ya mbele, usukani umekatwa mpaka mwisho. Tope lilipotoka niliona mpira wa breki umesuguliwa na ringi, hata nyuzi zake za ndani zikaonekana. Dereva alikuwa atoke alfajiri. Kwa macho ya mtu aliyesimama nje gari lile lilikuwa zuri, limesafishwa, lang'aa. Mpira ule ungepasuka kwenye mteremko, na Rwanda ni nchi ya miteremko. Tulibadilisha mpira usiku ule, na dereva akatoka asubuhi kama alivyopanga.

Kwa hiyo kila nikiosha nina kijitabu mfukoni. Nayaandika haya: ubavu wa tairi, una mkato? Ringi ina ufa? Shokabu yavuja mafuta? Bolti yoyote imelegea? Mipira ya breki imesuguliwa? Chini ya injini pana tone jipya? Na mwisho wa yote naendesha gari polepole hatua chache nikikanyaga breki mara mbili tatu, ili zikauke. Breki zilizolowa hazishiki vema, na aliyekabidhiwa gari safi hategemei jambo hilo.

7. Maji huenda wapi?

Kinyarwanda huita mahali pa kuoshea magari ikinamba. Mahali pazuri pana sakafu ngumu na shimo la kutenga mafuta. Shimo hilo hufanya kazi kwa sayansi mliyofundishwa: mchanga ni mzito, huzama, mafuta ni mepesi kuliko maji, huelea, maji ya katikati hutoka kwa bomba lililo chini ya mafuta.

Bila shimo hilo uchafu huenda bondeni. Mto Nyabugogo, utokao ziwa Muhazi, hupita kando ya mji na kuingia mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera humwaga katika ziwa Victoria. Basi dizeli iliyomwagika Kigali yaweza kuanza safari ya kuelekea kwa wavuvi wa Bukoba na Mwanza. Usioshe gari mtoni wala kando ya mtaro, hata kama maji ni ya bure.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia. Mkiyasahau mengine yote, shikeni maneno haya matatu: maji kwanza, mkono mwisho, jicho wakati wote. Hata kama hamtapata kuligusa gari la mbio, yatawafaa kwa baiskeli, kwa pikipiki, na kwa gari la mwalimu mkuu.

Maswali

1. Kwa nini kitambaa kikavu chenye vumbi la kwatsi huweza kukwaruza hata kioo? Jibu kwa kutumia namba za Mohs.

2. Mpira wa maji hutoa lita 15 kwa dakika. Mwoshaji wa kwanza aliuacha wazi dakika 20. Wa pili alitumia ndoo tatu za lita 15 kila moja, na mpira kwa dakika 6 tu. Wa pili aliokoa lita ngapi?

3. Chora shimo la kutenga mafuta. Onyesha mchanga, maji na mafuta, na mahali linapofaa kuwekwa bomba la kutokea. Bomba hilo likiwekwa juu kabisa, kutatokea nini?

4. Eleza kwa nini magurudumu huoshwa kabla ya bodi, na kwa glavu nyingine.

5. Itazame baiskeli moja ya hapo shuleni baada ya kuiosha. Andika mambo matatu uliyoyaona ambayo tope lilikuwa limeyaficha.